Barua ya wazi kuhusu miwani inayokatwa kwa kikaratasi cha kompyuta

Kwa Waziri wa Afya, Afya House, Nairobi
Kwa wasimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA)
Kwa idara ya afya, Kaunti ya Jiji la Nairobi
Kwa vyuo na mabaraza yanayofunza na kusajili wapima macho

Waheshimiwa,

MINTARAFU: VIPIMO VYA MIWANI KWA WATU WENYE UGONJWA WA KONEA

Tunaandika tukiwa wapima macho, mafundi wa lenzi na wauguzi wa macho tunaofanya kazi jijini. Ombi letu ni moja. Kikaratasi kinachochapwa na mashine ya kupima macho, ile ambayo mabango ya mjini huiita "kompyuta", kisiwe ruhusa ya kumkatia lenzi mtu mwenye konea mbovu. Na kila kipimo cha mtu wa aina hiyo kiandikwe pamoja na kiasi kinachoyumba. Yanayofuata ni sababu zetu, na maelezo ya jinsi kazi hii inavyofanywa pale inapofanywa sawasawa.

Konea ndicho kile kioo cha mbele cha jicho. Katikati ina unene wa nusu milimita na kidogo tu, lakini ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kupinda mwanga: takriban diopta 43 kati ya 60 za jicho zima (diopta ni kizio cha nguvu ya kupinda mwanga). Konea iliyo duara kama mpira hutoshelezwa na lenzi ya kawaida. Iliyo kama yai, yaani mviringo upande mmoja na bapa kidogo upande mwingine, hutoshelezwa na silinda, yaani lenzi inayopinda mwanga upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu mikunjo yake miwili mikuu imekutana kwa pembe mraba. Ila konea ya keratokonasi haimo katika mpango huo. Inakonda, inachongoka, mara nyingi chini kidogo ya katikati, na kila sehemu yake inapinda mwanga kivyake. Hakuna lenzi ya miwani inayoiga umbo hilo. Kwa hiyo tunapompimia mtu huyu tunatafuta lenzi inayokaribia, na zinazokaribia ni nyingi. Leo utapata moja, kesho nyingine, na zote mbili zinaweza kuwa zimepimwa kwa uaminifu.

Keratokonasi tumeitaja kwanza kwa sababu inawashika vijana, na hapa kwetu tunaiona sana kwa wale waliokulia kwenye mzio wa macho, wakiyasugua mchana kutwa. Lakini yanayosemwa hapa yanawahusu pia wenye makovu ya vidonda vya konea, wenye nyama ya jicho iliyotambaa hadi kwenye kioo, waliopandikizwa konea, na wazee ambao konea yao hujaa maji.

Tazameni kikaratasi kimoja kwa karibu. Mfano huu tumeutunga, ila yeyote aliyekaa nyuma ya mashine hizi ataujua. Jicho la kulia, kijana wa miaka 17, kidevu kikiwa palepale, mashine imepiga mara tatu ndani ya dakika moja (namba ya kwanza ni nguvu ya lenzi, ya pili ni silinda, ya tatu ni mhimili, yaani upande silinda inakoelekea kwa digrii):

−3.75 / −4.50 × 32
−5.00 / −3.25 × 47
−4.25 / −5.75 × 21

Chini ya mistari hiyo huja mstari wa nne, namba moja safi iliyotengwa na nyingine, na mara nyingi kando yake kuna alama ndogo ya uhakika. Fundi husoma mstari wa nne. Mistari mitatu ya juu, ambayo ndiyo habari yenyewe, hukunjwa na kutupwa. Mashine haikudanganya: ilipeleka mwanga usioonekana kupitia eneo dogo la mboni, ikachukulia kwamba konea ni mpira au yai, ikatafuta jibu linalolingana na dhana hiyo. Dhana ndiyo mbovu. Na kuhakiki mashine asubuhi kwa lile jicho bandia linalokuja nayo hakusaidii hapa, kwa sababu jicho bandia ni duara. Linathibitisha kwamba mashine ni nzima kwa macho mazima.

Sasa hesabu, maana wengi hulinganisha vipimo kwa macho tu na kupotea. Silinda ya −3.25 na ya −5.75 zikisomwa juujuu zimetofautiana kwa diopta 2.50. Lakini mihimili nayo imepishana kwa digrii 26, na silinda mbili zenye mihimili tofauti haziondolewi kwa kutoa kwa kawaida. Ukizijumlisha inavyopasa, mraba wa kila moja, ukitoa mara mbili ya zao lao lililozidishwa kwa kosaini ya digrii 52, kisha ukatafuta kipeuo cha pili, unapata tofauti ya diopta 4.54. Yaani ukimvalisha kijana huyu lenzi ya kipimo cha tatu wakati ukweli ulikuwa kipimo cha pili, umemwongezea silinda ya diopta nne na nusu ambayo hakuja nayo.

Hata bila kubadilika kwa nguvu, mhimili peke yake unatosha kuharibu. Silinda ya −4.00 ikikosewa kwa digrii 5, inabaki silinda ya 0.70 isiyosahihishwa. Digrii 10, inabaki 1.39. Digrii 30, inabaki 4.00 kamili, na hapo afadhali lenzi bila silinda. Mtu mwenye silinda ya −0.50 hata ukimkosea digrii 10 atakushukuru na kwenda zake. Ndiyo maana uzembe uleule, kwenye kiti kilekile, humdhuru mmoja na kumwacha mwingine salama, na duka likabaki na sifa nzuri.

Kwa jicho zima, vipimo viwili vya watu wawili wenye ujuzi hupishana kwa robo ya diopta, pengine nusu. Kwa konea iliyochongoka, kupishana kwa diopta moja au zaidi si ajabu hata kama hakuna aliyekosea. Huo ni mpaka wa kipimo chenyewe, na lazima uandikwe. Fundi seremala akikupimia mlango kwa futi iliyolegea na akajua imelegea, atakuachia nafasi. Sisi tunakata hadi robo ya diopta kutoka kwenye namba inayoyumba kwa diopta mbili, halafu tunamlaumu mvaaji.

Namna ya kupima ipo, wala haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji muda, kama dakika 40 kwa mtu mmoja, na inahitaji kufuata mpangilio.

Kabla ya tone lolote, kabla ya kupima shinikizo la jicho, kabla ya kugusa kope, mpimaji huandika uoni: bila miwani, kwa miwani aliyokuja nayo, kisha kupitia bamba lenye kitundu cha milimita moja na kidogo. Kitundu ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote katika chumba. Kinaziba sehemu zote za konea zilizopinda ovyo na kuacha njia moja nyembamba ya mwanga. Mtu akisoma 6/24 (yaani kwa mita 6 anasoma kile ambacho mwenye macho mazima husoma kwa mita 24) kwa miwani bora uliyoweza kumpa, kisha akasoma 6/9 kupitia kitundu, konea ndiyo mshukiwa wa kwanza, na huyo ni wa kupelekwa mbele badala ya kuongezewa lenzi. Tone la ganzi au la rangi likitangulia, machozi yamevurugika na namba zote zinazofuata zina kasoro.

Halafu miwani ya zamani husomwa. Inashangaza ni mara ngapi miwani iliyochubuka ya miaka mitatu iliyopita inashinda kila kitu kilichopimwa leo.

Kisha retinoskopu, kile kifaa cha mkononi kinachomulika mboni ili mpimaji asome mwanga unaorudi. Katika jicho zima, mwanga ndani ya mboni huenda kama utepe, upande huu au ule, hadi lenzi sahihi iusimamishe. Katika keratokonasi mwanga hugawanyika vipande viwili vinavyokutana na kuachana kama mikono ya mkasi, na kuna hatua ambapo katikati ya mboni huonekana kama tone la mafuta juu ya supu. Aliyefunzwa akiliona hilo haendelei kutafuta namba kamili. Anajua tayari kwamba namba kamili haipo. Mwanga ukiwa hafifu mno kwenye sentimita 67, anasogea hadi sentimita 33 na kutoa diopta 3.00 badala ya 1.50. Kusahau kubadilisha hesabu hiyo ni kosa la kijinga la diopta moja na nusu, na tumeliona.

Baada ya hapo ni majibu ya mgonjwa mwenyewe, na hapa ndipo wengi huharibu. Lile dude kubwa linaloning'inia mbele ya uso halimfai. Mtu mwenye konea iliyochongoka huinamisha kichwa, hukunja jicho, hutafuta tundu lake mwenyewe la kuonea. Dude linamzuia, na linapanda robo kwa robo. Fremu ya majaribio ya bei ya kawaida ni bora. Hatua za lenzi zilingane na uoni wake. Anayesoma 6/30 hawezi kutambua tofauti ndogo kuliko diopta moja hivi, kwa hiyo umwonyeshe jozi za kuongeza nusu na kupunguza nusu, na silinda msalaba (lenzi ya kugeuzageuza ili kujaribu silinda) ya 0.50. Anayesoma 6/60 umwonyeshe za diopta moja kila upande, na silinda msalaba ya 1.00. Ukimuuliza mtu wa 6/60 "hii au hii?" kwa robo ya diopta, zote ni sawa kwake, lakini kwa adabu atachagua. Atachagua tena. Utaandika machaguo yake kama kipimo, kumbe ni bahati nasibu.

Mhimili, mwachie autafute. Weka silinda kwenye fremu, mwonyeshe kitufe, mwambie azungushe mwenyewe hadi herufi zikae vizuri. Afanye hivyo mara tatu kuanzia sehemu tofauti. Akisimama kwenye 35, 38 na 33, una mhimili. Akisimama kwenye 20, 65 na 110, hakuna mhimili, na silinda kubwa itamchosha bure. Mpe ndogo au usimpe kabisa. Bamba lenye mwanya wa milimita moja husaidia pale ambapo retinoskopu imeshindwa: zungusha mwanya hadi aone vizuri, tafuta lenzi ya upande huo, kisha ugeuze digrii 90. Kwenye konea mbovu pande mbili bora hazipishani kwa digrii 90 siku zote, jambo ambalo lenyewe ni habari ya kuandika.

Uoni nao uandikwe kwa herufi. "6/12, kakosa mbili" ni tofauti na "6/12" tupu. Wagonjwa hawa huona vivuli: herufi moja ina ndugu wawili au watatu wanaoning'inia chini yake. Anayesubiri matatu za 111 kwenda Ngong huona uzio mahali pa namba. Kwenye bango la herufi, mzoefu wa vivuli hujifunza kubahatisha, na siku akibahatisha vizuri uoni "umepanda" mistari miwili bila konea kubadilika. Bango likiwa lilelile kila ziara, amelikariri.

Kisha aamke, atembee kwenye ukumbi na fremu usoni, ashuke ngazi tatu, aangalie simu yake. Dakika kumi. Lenzi inayompa mstari mmoja zaidi lakini inayopindua sakafu haitavaliwa.

Na kipimo kirudiwe siku nyingine, saa zinazokaribiana, na aliyepima mara ya pili asionyeshwe majibu ya kwanza. Hili ndilo gumu zaidi kuwauzia watu, kwa sababu mgonjwa ametoka Kitengela au Githurai, amelipa nauli, ameomba ruhusa kazini. Tunalijua. Lakini nauli ya pili ni ndogo kuliko lenzi za silinda kubwa zilizokatwa mara mbili.

Saa tumezitaja makusudi. Konea inayojaa maji huwa mbaya asubuhi, kwa kuwa usiku kope zimefungwa na maji hayakupata pa kuvukia. Kufikia mchana ukungu umepungua. Mpime saa mbili asubuhi na saa nane mchana, utapata watu wawili. Aliyeshonwa konea mpya naye: kila uzi uliobana huchongoa konea upande wake, na ukitolewa umbo linahama tena. Kumkatia miwani ya gharama kabla nyuzi hazijatulia ni kumwibia, hata kama kila mtu alikuwa na nia njema.

Lenzi ngumu za kuvaa jichoni zina mkosi wa namna yake. Ndizo zinazowapa wengi wa watu hawa uoni wa kweli, maana machozi hujaza mabonde kati ya lenzi na konea na kioo kipya laini kinapatikana. Lakini huikandamiza konea, na ukiivua lenzi na kupima papo hapo unapima alama ya lenzi. Konea inaweza kuhitaji wiki kadhaa kurudia umbo lake. Hakuna anayeweza kukaa wiki tatu bila kuona, kwa hiyo njia ya kibinadamu ni jicho moja moja: acha lenzi ya kulia nje, pima kila wiki hadi vipimo viwili vifuatane, kisha hamia kushoto. Kwenye kikaratasi paandikwe lenzi ilivuliwa lini. Kwenye vikaratasi vingi tunavyoletewa, sehemu hiyo haipo kabisa.

Nguvu ikiwa kubwa, hata umbali wa fremu usoni ni dawa au sumu. Lenzi ya −10.00 iliyopimwa ikiwa milimita 12 kutoka jichoni humpa jicho −8.93. Fremu iliyolegea ikateleza puani hadi milimita 16, jicho linapata −8.62, theluthi ya diopta imeyeyuka kwa sababu ya skrubu. Kwa hiyo umbali upimwe na uandikwe, na fundi aambiwe.

Waheshimiwa, kuna jambo zito zaidi ya miwani. Tangu madaktari wa Dresden, Ujerumani, walipochapisha matokeo yao mwaka 2003, konea inayoendelea kuchongoka inaweza kusimamishwa: vitamini ya riboflavini hudondoshwa, kisha mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365, katika utaratibu wa awali kwa dakika 30. Tiba hii husimamisha, hairudishi kilichopotea. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kujua mapema kwamba ugonjwa unasonga. Madaktari wengi huangalia kama sehemu iliyochongoka zaidi imeongezeka kwa diopta 1.00 au zaidi ndani ya mwaka, kwa ramani ya konea, na hata ramani hiyo huyumba zaidi kadiri ugonjwa ulivyokwenda mbali. Sasa fikirieni mtu akitumia kikaratasi cha miwani kuamua jambo hilohilo. Silinda imepanda kutoka −3.25 hadi −4.50: ugonjwa unasonga, au mashine imeyumba? Kwa kikaratasi kile cha mistari mitatu, diopta moja na robo imo ndani ya dakika moja ya kelele. Mmoja atafanyiwa tiba asiyoihitaji. Mwingine, na huyu ndiye anayetunyima usingizi, ataambiwa kwa miaka miwili kwamba "namba zinabadilika tu, ni kawaida ya umri wako", hadi konea iwe nyembamba kuliko mikromita 400 na utaratibu wa kawaida usimfae tena.

Mwanafunzi anayebadilishiwa miwani kila baada ya miezi sita, silinda ikikua na mhimili ukitangatanga, ni wa kupelekwa kwenye ramani ya konea. Wazazi huambiwa alikuwa akivaa vibaya, au anaangalia simu sana.

Na neno "utazoea". Tuwe wa haki: silinda kubwa ya kwanza huzungusha dunia, na wiki mbili za kuizoea ni za kweli. Lakini kuzoea kunaondoa kizunguzungu na mteremko wa sakafu, hakuongezi herufi. Kama kwenye kiti, kwa fremu ya majaribio, hakusoma zaidi ya alivyosoma kwa miwani ya zamani, hatasoma zaidi baada ya mwezi. Duka likisema utazoea bila kuwa limeandika alisoma mstari gani siku ya kupimwa, halina la kujitetea, na mteja hana la kulalamikia. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili azitumie vyema. Kikaratasi chenye namba sita na hakuna uoni hakitimizi hilo.

Tunayoomba, basi.

Wizara itoe fomu moja ya kipimo cha miwani, itumike hospitali ya umma, kliniki ya binafsi na duka la barabara ya Tom Mboya bila tofauti, na nafasi ya uoni kwa kila jicho isiruhusiwe kuachwa wazi. Mfano tumeuweka mwishoni.

Pawe na vigezo vya kumsimamisha fundi asikate. Tunapendekeza vinne: kitundu kinampa mistari miwili au zaidi kuliko lenzi bora, vipimo vitatu vya mashine vimepishana kwa zaidi ya diopta moja ya silinda au, silinda ikizidi 2.00, kwa zaidi ya digrii 10 za mhimili. Pete za mwanga zinazoakisiwa na konea wakati wa kuipima zimeonekana zimevunjika au zimepinda. Au mtu wa chini ya miaka 30 silinda yake imepanda kwa diopta moja tangu mwaka jana. Kimoja kikitokea, ni retinoskopu, fremu ya majaribio na barua ya rufaa. Hivi si vigezo vya kutambua ugonjwa. Ni vya kusimamisha mkono tu, na wenye vigezo bora wavilete.

Kwa SHA na bima nyingine: lipieni muda. Malipo yakiwa sawa kwa kipimo cha dakika tano na cha dakika 40, cha dakika 40 kitakufa, na kinakufa. Lipieni kurudia kipimo mara moja, na kubadilisha lenzi mara moja ndani ya miezi mitatu bila kuhesabu kuwa jozi ya pili. Lenzi ngumu za kuvaa jichoni kwa mtu mwenye keratokonasi zisiwekwe kapu moja na urembo. Kwake ni kama mguu wa bandia. Na pale sheria za kifurushi zinaposema miwani ni baada ya muda fulani, pawe na mlango wa konea inayobadilika.

Kwa kaunti: mashine za ramani ya konea zipo chache na nyingi ziko kwenye hospitali kubwa. Hatuombi moja kila zahanati. Tunaomba ratiba ya pamoja, siku maalumu kila wiki ambapo vituo vya mitaani vinaweza kuandikisha watu wao, na mtoto mwenye mzio mkali wa macho apewe nafasi ya mbele. Matone ya mzio yapatikane kwenye vituo vya chini, kwa sababu mkono unaosugua jicho la mtoto wa miaka minane ndio unaotuletea kijana wa miaka 17.

Kambi za macho za bure tunazipenda na wengi wetu huzifanyia kazi. Ila foleni ya watu 300 na mashine moja si mahali pa kumkatia lenzi mwenye silinda ya −5.00. Apewe barua. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubali shabaha ya kuongeza huduma faafu ya miwani kwa pointi 40 za asilimia kufikia 2030, na neno lenye uzito hapo ni "faafu": anahesabiwa anayeona vizuri akiwa ameivaa. Tukiripoti idadi ya miwani iliyogawiwa, tunaripoti kitu kingine.

Vyuo navyo. Mwanafunzi asihitimu bila kushika retinoskopu mbele ya konea zilizochongoka za kutosha kuujua ule mkasi akiwa usingizini. Mashine imewafanya wengine waione retinoskopu kuwa kifaa cha wazee.

Mwisho, kumbukumbu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mtu ana haki ya kupata taarifa zake. Mgonjwa wa konea apewe nakala ya kila kipimo bila kuomba mara tatu, pamoja na ile mistari mitatu ya juu. Mfululizo wa vipimo vya miaka mitano, hata vinavyoyumba, humweleza daktari mengi kuliko kipimo kimoja kizuri.

Kiambatisho. Hivi ndivyo kikaratasi cha yule kijana wa mfano kingesomeka:

Jicho la kulia. Bila miwani 6/60. Kwa miwani ya zamani 6/36. Kitundu 6/12, kakosa moja.
Mashine: mara tatu, silinda −3.25 hadi −5.75, mhimili 21 hadi 47. Haiaminiki.
Retinoskopu: mkasi. Kadirio −4.50 / −4.00 × 35.
Majibu, siku ya kwanza saa nne asubuhi: −4.50 / −3.00 × 35, 6/18, kakosa mbili. Siku ya pili saa nne na nusu, mpimaji mwingine: −5.00 / −2.50 × 40, 6/18.
Umbali wa fremu: milimita 12. Lenzi za jichoni: hajawahi kuvaa. Husugua macho: ndiyo, kila siku.
Iliyotolewa: −4.75 / −2.50 × 37, baada ya kutembea nayo dakika kumi. Inayumba kwa nusu diopta na digrii tano kila upande.
Rufaa: ramani ya konea, ndani ya mwezi mmoja. Fundi: usibadilishe mhimili bila kupiga simu.

Wenu,
Wapima macho, mafundi wa lenzi na wauguzi wa macho, Nairobi